Mashati ya Laurent Yalikwisha Kukunjwa

Ba papa na ba mama, wazee wa ukoo, watumishi wa Mungu mlioingia na ninyi mlioona afadhali kubaki barabarani, walimu, waigizaji, majirani zetu wa mtaa huu wa Annexe, na wote mliokaa chini ya turubai hili tangu asubuhi, familia inawapokea na inawapa pole, na kwa ruhusa ya mjane wetu, Mama Edith Mujinga, maisha ya mpendwa wetu Laurent Ntumba yanasomwa kwenu na Michelle, mdogo wake wa tumbo moja.

Kabla hatujafika kwenye kuzaliwa kwake, familia ina neno, na tutalisema bila kulitafuna. Tangu Jumamosi tumeombwa mambo mawili, la kwanza kwamba jeneza lifungwe, kwa sababu kuna watu wanaouogopa uso wake, na la pili kwamba historia hii ipite mbali na mambo ya sinema, iseme tu kwamba marehemu alikuwa mwalimu mzuri na mtu wa watu. Tumesikiliza, tumeshukuru kwa ushauri, na jibu letu mnaliona wenyewe kwa macho, jeneza liko wazi, na sinema tutaieleza yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hatukuwaita watu kutoka mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Golf waje wamzike nusu mtu.

Laurent alizaliwa hapa Lubumbashi, katika komini ya Katuba, tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa kwanza wa Papa Albert Ntumba, mfanyakazi wa reli aliyetoka Kasai akiwa kijana, na Mama Ngalula, aliyeuza vitenge sokoni, na miaka mitatu baadaye akafuata Michelle, na baada ya Michelle Mungu hakuongeza mwingine. Papa alijenga nyumba yake Katuba kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, akapanda mpera karibu na bomba la maji, akapaka mlango rangi ya buluu, na watoto wake wakakua wakijua kwamba mlango ule wa buluu ni wao.

Tarehe 6 Agosti 1981 Papa akafariki kwa ugonjwa wa ghafla, na hapa familia inawaomba msikilize vizuri, maana yote yatakayofuata yanatoka hapa. Papa alikuwa na mdogo wake, ambaye hatutalitaja jina lake kwa kuwa naye ametangulia, tutamwita Baba Mdogo kama tulivyomwita utotoni, na siku moja baada ya mazishi Baba Mdogo aliingia chumbani kwa Mama Ngalula, akaketi kitandani, akaomba aletewe mashati ya marehemu. Hakuja na fujo, hakupaza sauti, alinukia sabuni nzuri, akayakunja mashati yale moja moja, akifunga kwanza kifungo cha shingo, kisha akilaza mikono ya shati nyuma, kisha akipitisha kiganja taratibu ili lisibaki na mkunjo, na huku akikunja alikuwa akimuuliza Mama kama amekula, kama amelala, kama watoto hawana homa. Shati la mwisho lilipokunjwa alinyoosha mkono, kwa upole uleule, akaomba funguo ya nyumba, na Mama akampa, kwa sababu mtu aliyekukunjia mashati ya mume wako vizuri namna ile utamnyima funguo kwa maneno gani. Juma halikuisha, Mama Ngalula na watoto wake walikuwa katika chumba kimoja cha kupanga, komini ya Kenya, na mlango wa buluu ulikuwa na mwenyewe mwingine. Laurent alikuwa amesimama kando ya kabati muda wote ule, na hakuna aliyemwona.

Alisoma shule ya msingi Katuba kuanzia mwaka 1978, akaimalizia Kenya mwaka 1984, kisha sekondari huko Kamalondo, ambako alipata diploma ya taifa mwaka 1990, na katika miaka ile ya 1992 na 1993, ambapo watu wenye asili ya Kasai tulifukuzwa mkoani, na wengi walifunga mizigo na kwenda kungoja treni, Mama Ngalula alikataa kufunga hata sufuria, akasema amekwisha kutolewa mlangoni mara moja na mara ya pili itabidi wambebe, na Laurent akabaki naye, akaingia chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1995. Tangu Septemba mwaka ule hadi ugonjwa ulipomshinda alifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari ya hapa mjini, na wanafunzi wake, ambao wengine wameketi hapa na mvi zao, wanajua kwamba hakumpiga mtoto hata mara moja. Darasa likipiga kelele aliweka chaki mezani, akangoja, na kelele zikafa zenyewe.

Mwaka 1996 alijiunga na kundi la maigizo lililokuwa likifanya mazoezi katika ukumbi wa parokia, chini ya ndugu yetu Souleymane, mtoto wa fundi cherehani kutoka Maniema, aliyekuja baadaye kuwa mtengenezaji wa filamu, na ambaye yuko hapa, kofia mkononi. Kwenye mchezo wa kwanza Laurent alipewa kuwa mtu mbaya, naye akafanya kama wengi wanavyofanya, akajipaka masizi usoni, akatoa macho, akapiga miguu chini, akanguruma, na ukumbi mzima ukacheka mpaka watoto wa mstari wa mbele wakampigia makofi. Souleymane alimvuta kando akamwambia: «Ndugu, bantu banakucheka.» Debe tupu haliachi kuvuma, na Laurent alilijua hilo, akatoka pale hadi kwa mdogo wake Michelle, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, uani, akamuuliza kama anakumbuka Baba Mdogo alikuwaje siku ile ya mashati. Michelle akamjibu kwamba alikuwa na miaka sita, anakumbuka kitu kimoja tu, alinukia vizuri. Laurent akasema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta: «Njo ile.»

Kuanzia siku ile, ndugu zetu, hakujipaka tena kitu usoni. Alipopewa kumwigiza mtu mbaya alioga kwanza kwa sabuni ile ya harufu nzuri, akavaa koti safi, akaingia jukwaani polepole kama mtu anayekuja kusalimia, akatafuta mahali pa kukaa palipo kati ya mwenzake na mlango, na hapo akatulia. Hakumtazama mwenzake usoni, alitazama vitu vyake, kikombe chake, viatu vyake, mikono yake, kama mtu anayevikadiria, na alipoulizwa jambo alichelewa kidogo kujibu, na jibu lilikuwa la heshima. Watu wa ukumbini waliacha kutafuna karanga. Wahenga walisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama, lakini kulisema ni kitu kimoja na kuliona likiketi mbele yako ni kingine.

Mama Chilufya, aliyecheza naye miaka mingi na mara zote yeye ndiye mwenye kuonewa, ametuambia juzi hapa hapa matangani: «Hakunigusaka hata siku moya. Haikukuwa macho yake. Ni vile alikuwa ananiheshimia, njo nilikuwa nasikia baridi mu mugongo.» Akatueleza na habari ya sabuni, kwamba watu walimuuliza Laurent kwa nini ahangaike kuoga wakati kamera hainusi, naye akawajibu kwamba kamera hainusi lakini Chilufya ananusa, na kamera inamtazama Chilufya. Huo ndio uchawi wake wote, na tumewapa bure.

Ndoa yake nayo haikupita kwenye uchawi huo salama. Alikutana na Edith Mujinga katika kwaya, na baba yake Edith, Papa Mbuyi, mfanyabiashara wa vitambaa, alikuwa amekubali posa, hata siku imekwisha kutajwa, mpaka Jumapili moja akapelekwa na rafiki zake kuangalia mchezo, akamwona mkwe wake akimnywesha kaka yake wa jukwaani chai ya sumu huku akimpulizia ipoe. Kesho yake akatuma mjumbe kusema: «Mutoto yangu hataolewa na ule muntu.» Ba shangazi walikwenda, wazee wakaenda, ng'o, mwishowe Papa Mbuyi akasema Laurent aje mwenyewe, na alipofika akamweka kwenye kiti mbele yake, akamwagiza afanye kitu kile hapo hapo, mchana, aone kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Laurent akafanya. Wanaokumbuka wanasema Papa Mbuyi alitoka jasho, akavumilia, kisha akasema kwa sauti ya chini: «Basi, sasa unirudishie mukwe yangu.» Halafu akamwita mke wake alete bukari, ule ugali wetu, na samaki kwenye sahani moja, akamwambia Laurent, ukinitia woga utakula na mimi, nione mkono wako ukiingia mahali ambapo wangu unaingia. Wakala, sahani ikaisha, na ndoa ikafungwa tarehe 18 Julai 1998.

Sahani ile Laurent hakuiacha tena. Kila alipomaliza kuigiza ubaya, hata kama gari linangoja na watu wamechoka, aliagiza bukari, akaketi chini na yule aliyemwogopesha, mkubwa au mtoto, wakala sahani moja, maana alisema haifai mtu arudi nyumbani kwake na Baba Mdogo. Mwenzake akikataa kula, Laurent aliketi akangoja, bukari likapoa, likakauka, naye bado anangoja.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Deborah, aliyezaliwa tarehe 9 Januari 2000, na Ariel, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 2004. Deborah amekua akiulizwa na wenzake shuleni kama baba yake analala kitandani au anasimama usiku kucha, na alipochoka kujibu akawaalika nyumbani, wakamkuta baba yake huyo mwenye kutisha amefunga kitenge kiunoni anaosha vyombo, wakakata tamaa kabisa.

Sasa tufike mahali tulipoombwa tusifike. Mwezi wa nane mwaka 2010 Souleymane alitengeneza filamu iitwayo «Matanga ya Kaka», inayosimulia habari za shemeji anayekuja kumfariji mjane na kuondoka na nyumba, na aliipigia picha katika parcelle hii hii, kiwanja hiki mnachokaa, wakati nyumba ilikuwa bado na vyumba viwili na kimoja hakina bati. Ilikuwa imeandikwa kwamba shemeji apige kelele, amvute mjane nywele, na mjane akatae kutoa funguo hadi mwisho. Laurent akaomba kitu kimoja tu, apewe kitanda, mashati na ruhusa ya kukaa upande wa mlango. Akaketi, akaanza kukunja, kifungo cha shingo kwanza, akimuuliza mjane kama amekula, na watu wote waliokuwa nyuma ya kamera wakasahau kazi iliyowaleta, na shati la mwisho lilipolazwa, Laurent akanyoosha mkono, na Mama Chilufya, aliyeyajua maneno yake yote ya kukataa, akatoa funguo akampa. Alikosea, na alilia kwa kukosea. Alisema: «Maneno niliyajua, lakini mukono ilitoa ufunguo yenyewe.» Souleymane akalibakiza kosa lile kama lilivyo, na hilo ndilo lililowafanya watu wa mji huu wasilale.

Filamu ilioneshwa mara ya kwanza Jumamosi tarehe 24 Septemba 2011, katika ukumbi mmoja wa katikati ya mji, na ba mama walisimama kwenye viti wakimsihi mjane wa kwenye pazia asitoe funguo, kana kwamba anawasikia, na kila mmoja alikuwa akimwona mtu wa kwao. Baba Mdogo alikuwemo, kwani alikuwa amealikwa kama ndugu yeyote, na mashati yalipoanza kukunjwa akatoka nje akaacha kofia yake kitini. Kesho yake alikuja hapa kuifuata, akamuuliza Laurent ni nani aliyemwonesha, maana yeye alidhani chumbani mle mlikuwa na watu wawili tu. Laurent alimletea sahani ya bukari na sombe, wakala pamoja, mzee akanawa, akashukuru, akachukua kofia yake, na juma lile halijaisha mji ulikuwa umekwisha kusikia kwamba Laurent ana dawa machoni, kwamba ametoa mtu sadaka ili aogopewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Tunalisema leo mbele ya wote, neno lile la uchawi halikuanzia kanisani wala sokoni, lilianzia kwenye mdomo ambao ulikuwa bado na sombe yetu.

Likakimbia, likafika kila mahali. Sokoni Kenya ba mama walimwongezea nyanya bila kuombwa ili aondoke upesi, jambo ambalo Mujinga hakulikataa, akawa anamtuma yeye kununua. Kanisani halikuwa la kuchekesha. Laurent alikuwa shemasi, alisimama mlangoni kupokea wageni, na mwaka 2014 aliondolewa mlangoni, kisha akaondolewa kwenye kikapu cha matoleo, kwa sababu waumini walikuwa wanafumba macho akipita, na mwishowe akaitwa mbele ya wazee wa kanisa atubu ile roho ya Baba Mdogo. Akasimama, akawajibu kwa heshima: «Zambi zangu niko tayari kutubu hata leo. Ya Baba Mudogo, atubu mwenyewe.» Tangu siku ile alikaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na ukuta, kila Jumapili, na hakuhama kanisa, ingawa sisi tulimsukuma ahame. Tajiri mmoja wa Golf alimtaka acheze mchungaji mwema ili asafishe jina, akakataa, akasema tukiwaachia wabaya wajiigize wenyewe watajipaka mafuta wang'ae. Mwili wake haukuingia katika kanisa lile asubuhi hii, hivyo tuliamriwa, basi sisi tumemleta nyumbani kwake na Mungu amekuja hukuhuku.

Tarehe 3 Februari 2019 Baba Mdogo alifariki, katika nyumba yetu ya Katuba, nyuma ya mlango wetu wa buluu, akamwacha mjane, Mama Kapinga, mwanamke asiye na mtoto. Kufa kufaana, na kabla kaburi halijakauka ndugu wa upande wa baba walikuwa wamekwisha kufika, wakiwa na nyuso za huruma, wanataka kumsaidia mjane kupanga nguo za marehemu. Laurent aliposikia alioga kwa sabuni yake, akavaa koti lake, akaenda Katuba, akaomba kiti, akakiweka kwenye mlango wa chumba cha Mama Kapinga, akaketi. Hakumtukana mtu. Mkubwa wao alipomjia na tabasamu, Laurent alimtazama mikono, akachelewa kidogo, akasogeza magoti ili kumwachia njia, akasema: «Pita, kaka.» Yule ndugu hakupita, wala aliyemfuata hakupita, wala mwingine yeyote hadi matanga yakaisha, na funguo ya mlango wa buluu ikabaki kwa Mama Kapinga, hadi leo anaishi pale.

Michelle, anayewasomea, alimkasirikia sana kaka yake, akamuuliza inakuwaje anamlinda mke wa mtu aliyetutupa nje, ndani ya nyumba ya baba yetu, wakati mama yetu amekufa katika nyumba ya kupanga. Laurent akamjibu: «Siko namulinda Baba Mudogo. Niko namulinda mujane.» Hasira ya Michelle haikuisha siku ile, tusidanganyane, lakini imeisha wiki hii, na mtajua kwa nini.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 2023 kwa kuvimba miguu, ikaonekana ni figo, akaanza kwenda hospitali na kurudi, na kuna walionong'ona kwamba dawa zake za sinema zimemgeukia. Muuguzi aliyepangiwa chumba chake alimhudumia siku za kwanza akitazama ukutani, mpaka Laurent akamwomba Mujinga alete bukari, akamwita yule binti wakala, na kutoka siku hiyo ni yeye aliyekuwa akimfukuza kila aliyekuja kumchungulia dirishani. Jumapili ya Matawi, tarehe 13 Aprili mwaka huu wa 2025, akiwa ameruhusiwa kuja nyumbani, aliwaita majirani wakati wa mchana, akaketi uani pale palipo na ndoo ya buluu, akaomba mashati yake yote. Akayakunja mwenyewe, kifungo cha shingo kwanza, hakukubali kusaidiwa, na kila shati alilolikunja akampa jirani, hili lako, hili lako, mpaka kabati likabaki na hewa. Kisha akatoa funguo za geti, za nyumba na za chumba, akaziweka mkononi mwa Mujinga mbele ya watu wote, akasema kwa sauti ile ya darasani: «Mumeona?» Wakasema wameona.

Alifariki hospitalini siku ya Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, alfajiri, Mujinga akiwa amemshika mkono wa kulia na Deborah wa kushoto, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Hakuogopa, na tunalisema kwa sababu tulikuwepo.

Jumamosi ndugu wa upande wa baba walifika, walewale wa Katuba. Mko pale kushoto, tunawaona, karibuni, mmepewa viti na chai kama wageni wengine. Mmoja wenu alisema kwamba yeye amekuja kumsaidia mjane na nguo za marehemu, akaingia hadi ndani, akafungua kabati, akakuta hewa. Mashati ya Laurent yalikwisha kukunjwa, ndugu. Yako hapa chini ya turubai, la mistari liko kwa jirani yetu wa upande wa kulia, la kijani limevaliwa na mlinzi wa geti, na jeupe la harusi yuko nalo Ariel. Yule ndugu akageukia basi chumba alichomo Mujinga, ili akamwombe kile kingine alichokuja kukifuata, na mlangoni akakuta kiti, na kwenye kiti ameketi Mama Kapinga, ambaye alikuwa amekuja na kiti chake kutoka Katuba, ametandika kitenge magotini, ameoga, ananukia sabuni nzuri. Hakumtukana. Alimtazama mikono, akachelewa kidogo, akamwambia apite. Hasira ya Michelle iliishia hapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia Laurent miaka hii miwili, na kwa namna ya pekee binti yule aliyekula naye, walimu wenzake waliomshikia vipindi bila kumnyang'anya jina lake mlangoni mwa darasa, Souleymane na waigizaji wote waliobeba jeneza leo wakati wengine wanatafuta pa kuweka mikono, majirani wa Annexe mliotoa turubai, kuni na maji na mliovaa mashati yake bila kuogopa, na Mama Kapinga, maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sisi tulikuwa tumemhesabu kwingine.

Wenye kumwogopa tunawaomba jambo moja kabla hatujaondoka kwenda makaburini. Piteni mmwangalie, yeye leo hawaangalii, kisha pale karibu na jiko kuna bukari na sombe, na sahani ni moja kubwa, Mujinga ameketi hapo na anangoja, funguo zikiwa shingoni mwake kwenye uzi mwekundu, ninyi wenyewe mnaziona. Likipoa atangoja. Amejifunza kwa mume wake.

Nawe Laurent, mtoto wa mlango wa buluu, usihangaike tena kukaa upande ule, pumzika kwa amani, kaka, mlangoni kuna mtu.